Tupeane uzoefu: testi ikikuangusha chuoni, nini kinakurudisha kwenye madaftari?

Wakuu, kwenye uzi huu tuwaache kidogo waliodisko, yaani walioondolewa chuo kwa kufeli. Nataka tuongelee vipigo vya kila wiki: testi imerudi na 6 kati ya 20, kazi ya kikundi imekataliwa, umesimama kuwasilisha maneno yakakauka. Mwaka 2008 Andrew Martin na Herbert Marsh walichapisha utafiti wa wanafunzi wa sekondari Australia katika somo la hesabu, wakitazama hasa uwezo wa kuvuka vikwazo vidogo kama hivi. Wasiwasi ulionekana kuuharibu sana uwezo huo. Naamini chuoni ni vilevile. Ninyi je?

Uhandisi, mwaka wa tatu: Mkuu, mimi kilichonisaidia ni kuichambua karatasi yenyewe. Badala ya kusema "hesabu sizijui," nilikaa na kila swali: hapa sikusoma, hapa nilielewa ila muda uliisha, hapa niliruka hatua. Kumbe nisichokijua kabisa kilikuwa mada moja tu! Halafu kwetu testi na kazi zina 40, UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, ina 60. Nikapiga hesabu ya ninachohitaji UE. Ukishaona bado kuna kitu kiko mikononi mwako, unasoma kwa utulivu.

Uuguzi: Kwangu ni wasiwasi. Mtihani wa vitendo, mikono inatetemeka mbele ya mgonjwa. Rafiki yangu alijifanya msimamizi, akanitazama nikirudia hatua zilezile jioni baada ya jioni, bila kunicheka. Kutetemeka hakukuisha, ila mikono ilishajua kazi yake.

Sheria: Aibu jamani, tusiisahau. Nilipopata sapu, yaani mtihani wa marudio baada ya kufeli, nilianza kukwepa kikundi cha majadiliano, na hapo ndipo mtu anapozama zaidi. Dada mmoja wa mwaka wa mwisho, tunayemheshimu wote, akanifungulia matokeo yake ya mwaka wa kwanza: sapu mbili. Wiki ileile nilirudi kikundini.

Ualimu: Naheshimu mliyosema, lakini bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likichelewa na hujala tangu jana, utulivu utatoka wapi?

Mleta uzi: Kweli kabisa, na asilaumiwe mtu kwamba hana moyo wakati tatizo ni njaa. Ndugu, kwenu darasani mlikuwa mnasaidianaje kipindi hicho? Tuandikie. Na mliopokea testi wiki hii, karibuni.