Kocha anataka kunichoma sindano ya "kuongeza damu", nifanyeje?

MbioNdefu22

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nina miaka 22, nakimbia mita 5,000 na 10,000, na msimu huu nimeanza mbio za barabarani. Muda wangu umegoma kabisa kushuka. Kocha, ambaye ndiye aliyenitoa mbali na ndiye anayenitafutia mashindano, aliniita pembeni akasema damu yangu "nyepesi", nahitaji vitamini. Akatoa kichupa kidogo kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Lebo imebanduliwa, imebaki gundi tu. Nikamwomba jina la dawa nikasome, akacheka: "Kazi yako wewe ni kukimbia." Amenipa wiki moja niamue.

Wenzangu kambini wameshaanza na kweli mazoezini hawashikiki. Wanasema wa juu wote wanatumia, tofauti ni nani anajua kuzitumia. Nikikataa naogopa kocha ataniacha, nikikubali naiogopa dawa yenyewe. Na kuna swali halinitoki kichwani: kama wengi wanatumia, mimi nikitumia namwibia nani? Naombeni ushauri, matusi pembeni.

Mfamasia_Mstaafu

Mwanangu, mambo ya nani anamwibia nani tuyaache kwanza, tuanze na hiyo barafu. Vitamini nyingi za sindano zinakaa kabatini bila shida yoyote. EPO ndiyo inayotakiwa kutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Sijakiona kichupa kwa hiyo siapi, ila dawa ya kuongeza damu, inayobebwa kwenye baridi, iliyobanduliwa lebo, jina la kwanza linalonijia ni hilo.

EPO ni homoni. Figo zako zinaitengeneza zenyewe ili kuuamuru uboho utoe chembechembe nyekundu za damu. Ya kiwandani wanapewa wagonjwa, hasa wa figo, na hata hao daktari anawapima damu mara kwa mara, maana ikizidi damu inakuwa nzito, presha inapanda, damu inaganda mahali isipotakiwa, mtu anapata kiharusi au moyo. Na hao ni watu waliopungukiwa damu! Wewe unaongezewa juu ya damu iliyo sawa, halafu unakwenda kukimbia kilomita nyingi juani, maji yanakutoka, damu inazidi kuwa nzito. Nani atakuwa anakupima? Huyu anayekuficha jina?

Kama ana hakika damu yako imepungua, nenda hospitali kapime hemoglobini na akiba ya madini ya chuma. Wakimbiaji wa mbio ndefu hupungukiwa chuma, hasa wanawake, na tiba yake inajulikana na ni halali. Ukienda, mwambie daktari wewe ni mwanariadha unayepimwa. Hata dripu ya vitamini tupu ikizidi mililita 100 ndani ya saa 12 ni kosa kama si matibabu ya hospitali au huna kibali.

ChumaChakavu

Mimi nitasema wasichotaka kusema wengine: waruhusu tu tuone. Olimpiki ya Seoul 1988 Ben Johnson wa Kanada kakimbia mita 100 kwa sekunde 9.79, siku chache baadaye kanyang'anywa dhahabu kwa dawa, dunia nzima ikamtupia mawe kana kwamba alikuwa peke yake kwenye ile mbio. Wangapi kati ya wale wanane walikuja kuhusishwa na dawa baadaye? Mwendesha baiskeli Lance Armstrong kashinda mbio za Tour de France mara saba mfululizo, 1999 hadi 2005, na kilichomwangusha mwaka 2012 ni ushahidi wa wenzake zaidi ya mkojo wake.

Halafu kulala kwenye hema la hewa nyembamba ruksa, kwenda kambi ya milimani ruksa, na vyote vinaongeza chembechembe hizo hizo. Viatu vya kaboni ruksa. Sindano dhambi. Nani kachora huo mstari?

Ila dogo, hata mimi nisingekubali kuchomwa kitu nisichokijua jina.

Kanyagio

@ChumaChakavu hicho unachokitaka kwenye baiskeli kiliwahi karibu kutokea. Miaka ya tisini EPO ilitapakaa na hakukuwa na kipimo cha kuigundua. Mwaka 1997 chama cha baiskeli duniani kikaweka kikomo: damu yako ikizidi asilimia 50 ya chembechembe nyekundu, unapumzishwa. Unajua kilichofuata? Watu wakanunua mashine ndogo za kupimia, wakawa wanajisukuma hadi chini kidogo ya 50. Aliyezaliwa na 48 hakuwa na pa kupanda, aliyezaliwa na 41 akapata faida kubwa. Na aliyetaka kukanyaga safi akaachwa nyuma au akaacha kazi. Hapo ndipo jibu la "namwibia nani" lilipo, @MbioNdefu22. Ukiruhusu, hakuna tena anayechagua. Wote mnachomwa ili mbaki palepale.

Kuhusu mlima nakubaliana nawe nusu. Mstari umechorwa na watu, sawa. Lakini mlimani mwili wenyewe unajua pa kuishia, na kichupa hakijui.

Bibi_Tufe

Hilo neno "vitamini" limenisisimua vibaya. Ujerumani Mashariki, kwa mpango rasmi wa serikali ulioanza 1974, wasichana wadogo walipewa vidonge vya steroidi, homoni za kujenga misuli, wakaambiwa ni vitamini. Medali zilikuja kwa wingi. Sauti zikawa nzito, nywele zikaota, wengine wakaja kuugua ini na kuhangaika na uzazi. Mwaka 2000 aliyekuwa mkuu wa michezo kule, Manfred Ewald, alitiwa hatiani mahakamani, akapewa kifungo cha nje. Cha nje! Wale mabinti miili yao hawakurudishiwa.

Mtu anayekupa kitu kizuri hana haja ya kubandua lebo.

KapteniWaZamani

Nimepimwa mara nyingi nikiwa mkimbiaji, ngoja nikupe picha. Fulana unapandisha hadi kifuani, suruali unashusha hadi magotini, mpimaji amesimama anaangalia mkojo unavyotoka mwilini mwako. Unachagua mwenyewe boksi, unakagua namba, unagawa chupa A na chupa B, unasaini. Kocha hayumo mle ndani. Sahihi ni yako peke yako.

Sheria nayo iko hivyo hivyo. Kilichokutwa mwilini mwako ni chako, awe amekichoma nani. Kwa EPO adhabu inaanzia miaka 4, na hata kujaribu kutumia ni kosa. Wala usitegemee kwamba hawataikamata. EPO imekuwa na kipimo tangu Olimpiki ya Sydney 2000, siku hizi kuna pasipoti ya damu inayofuatilia mabadiliko yako wewe mwenyewe, na sampuli inaweza kutunzwa miaka 10 ikapimwa upya.

Na uongo unaongeza. Jemima Sumgong, bingwa wa marathoni wa Rio 2016, alifungiwa miaka 4 kwa EPO, kisha ikawa 8 baada ya kuonekana maelezo na nyaraka za matibabu alizoleta si za kweli. Wilson Kipsang, aliyewahi kushika rekodi ya dunia ya marathoni, hakukutwa na dawa. Alifungiwa miaka 4 mwaka 2020 kwa kukosekana alikosema atakuwepo kwa ajili ya kupimwa, na kwa kutoa ushahidi wa uongo.

MbioNdefu22

Asanteni sana wakuu, nimesoma zote. Kesho naenda kupima damu. Kocha nitamwambia sichomwi. Ila je, nikitoa taarifa si atajua ni mimi? Na hao wenzangu ninaokaa nao chumba kimoja itakuwaje?

Mfamasia_Mstaafu

Wenzako waoneshe niliyoandika kuhusu damu nzito. Wakisikia kichwa kinauma sana, kifua kinabana au mguu mmoja umevimba, wakimbilie hospitali na wamtajie daktari walichochomwa. Huko hawaendi kuhukumiwa.

KapteniWaZamani

WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, wana njia ya kutoa taarifa bila kutaja jina, inaitwa Speak Up, na kitengo cha uadilifu cha riadha duniani nacho kina ya kwake. Usipige picha ya kujionesha, wala usikichukue kile kichupa kama ushahidi. Ukikutwa nacho unaweza kuhesabiwa ni wako. Andika tarehe, alichosema, na nani alikuwepo, basi. Wenzako nao wakijitokeza wenyewe na kusaidia uchunguzi, adhabu inaweza kupunguzwa. Waambie mapema.

Kuhusu kuachwa na kocha: ukianza kutafuta mwingine, jina lake liangalie kwanza kwenye orodha ya WADA ya makocha na madaktari waliofungiwa. Kufundishwa na aliyemo humo, ukiwa unajua amefungiwa, ni kosa lako wewe pia.