Konstrakta, proksi ya UUPS au klona? Mkataba unakataa kuanzishwa

MeruKodi (Arusha): Wakuu, mkataba erevu (programu ya kwenye blokucheni) wa stakabadhi za kahawa, watumiaji ni AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za Moshi vijijini. Natumia OpenZeppelin 5 (maktaba ya Solidity), proksi ya UUPS: mkataba wa mbele unaoshika data na kuazima kazi za mkataba wa mantiki, ambao unaweza kubadilishwa. Nikiita `initialize`, kazi ya kuweka mmiliki na thamani za mwanzo, inarudisha `InvalidInitialization()`. Nibaki na proksi, nirudi kwenye konstrakta ya kawaida (inayokimbia mara moja tu wakati wa kupandisha), au niende klona (nakala ndogo zinazotumia mantiki moja)?

Kibo_0x: Kabla ya kuhama, jua kwanza unagonga mlango upi. Fungua kumbukumbu za matukio za anwani unayoiita, tafuta `Initialized`. Ukikuta 1, proksi imeshaanzishwa, hakuna cha kurudia. Ukikuta 18446744073709551615, hiyo si proksi. Ni mkataba wa mantiki uliofungwa na `_disableInitializers()`, na inakukatalia kwa haki. Skripti nyingi za kupandisha hukosea hapo: zinashika anwani ya kwanza iliyochapishwa, ambayo ni ya mantiki.

Halafu usianzishe kwa muamala wa pili. Funga wito wa `initialize(address)` kama data, uiweke kwenye hoja ya pili ya `ERC1967Proxy`. Ukiacha nafasi kati ya miamala miwili, anayechungulia foleni ya miamala inayosubiri anakuwahi na umiliki unakuwa wake.

mama_solidity: Mimi nauliza, mantiki ya stakabadhi itabadilika kweli? Kama hapana, konstrakta inatosha na matatizo nusu yanakwisha. Mtego wake ni mmoja: ukipandisha kupitia kiwanda cha CREATE2 (mkataba unaopandisha mikataba mingine), `msg.sender`, yaani anayeita, ni kiwanda, si wewe. Kwa hiyo usiandike `Ownable(msg.sender)`, pokea anwani ya mmiliki kama hoja, na iwe pochi ya sahihi nyingi ya chama, si ya laptop ya fundi.

Ukibaki na proksi, angalia `uint256 ada = 500;` iliyoandikwa juu ya mkataba. Kwenye proksi itasomeka 0, maana thamani hiyo huwekwa na konstrakta ya mantiki, kwenye hifadhi ya mantiki. Ipeleke ndani ya `initialize`. `constant` haina shida.

Kibo_0x: Sawa dada, ila kanuni za makato zikibadilika msimu ujao utahamisha stakabadhi zote kwenda mkataba mpya. Kwa proksi ni `upgradeToAndCall` (kubadilisha mantiki) na kazi mpya yenye `reinitializer(2)`, inayoruhusu kuanzisha toleo la pili. Ukirudia `initializer` ileile, kosa ni lilelile.

pare_node: Klona zinafaa kama kila AMCOS inataka mkataba wake. Kila moja ni baiti 45 tu, gesi (ada ya mtandao) kidogo sana. Lakini hazisasishwi. Klona na `initialize` viwe ndani ya muamala mmoja wa kiwanda.

Na kaka, asije mtu akakushauri ufute `_disableInitializers()` ili kosa lipotee. Novemba 2017 maktaba ya pochi za Parity za Ethereum iliachwa bila kuanzishwa; mtu akaita `initWallet`, akawa mmiliki, akaiua. Zaidi ya ETH 513,000 ziligandishwa.

MeruKodi: Nabaki UUPS. Swali la mwisho: kwenye mtandao wetu binafsi inasema `invalid opcode` hata kabla ya kuanzishwa.

mama_solidity: Hilo halihusiani na initialize. Solidity kuanzia 0.8.20 hutoa amri ya PUSH0, nodi zisizo na sasisho la Shanghai la Ethereum haziijui. Weka `evmVersion: "paris"` (toleo la kabla ya Shanghai), futa kashe, kompaili upya.