Naombeni ushauri: meza ya kufanyia kazi nyumbani, nichongeshe Keko au ninunue ya dukani?

Mfasiri wa Tabata:
Habari za leo wakuu. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, na sasa zote nazifanyia nyumbani. Nimepanga chumba na sebule hapa Tabata. Kona niliyoitenga iko sebuleni chini ya dirisha, ina upana wa sentimita 140 kutoka ukutani mpaka mlango wa chumbani. Natumia laputopu na skrini ya inchi 24, na mara nyingi kamusi kubwa inakuwa wazi pembeni. Kwa sasa nakalia meza ya chakula. Ikifika jioni mabega yanawaka moto mpaka shingoni.

Nina 350,000. Nimeona ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) dukani, nzuri kwa macho, ina droo katikati. Nimeona ya kioo yenye miguu ya chuma. Halafu kuna fundi wa Keko, kule kwenye karakana za samani, anayetaka kunichongea ya mninga, ila bei yake imepita mfuko wangu. Mimi ni mfupi, futi tano na inchi moja, kama hilo lina maana yoyote. Nisaidieni, maana hapo ndipo nitakaposhinda kutwa.

Randa na Msasa:
Dada, hilo la ufupi ndilo lenye maana kuliko yote uliyoandika. Mimi ni seremala, nakueleza tunavyofanya. Mteja akisema "nichongee meza" bila vipimo, tunapiga futi mbili na nusu, yaani sentimita 76. Za dukani nazo nyingi zinacheza kati ya 73 na 76. Mtu wa kimo chako akikaa nyayo zikiwa chini, kiwiko chake kinakuwa kwenye sentimita 63 au 64 hivi kutoka sakafuni. Tofauti hiyo inabebwa na mabega: unayapandisha kutwa nzima ili mikono ifike kwenye kibodi. Ukinunua meza nyingine ya urefu uleule, maumivu yatahamia nayo.

Ile ya droo katikati iache kabisa. Hesabu mwenyewe: tuseme umeipata ya sentimita 66, ubao na droo vikala 14, zinabaki 52. Kiti chako kikiwa na urefu wa 40, mapaja nayo yanataka kama 14 juu yake. Hayapiti. Utaishia kukaa mbali na meza huku umeinama.

Pwani Kavu:
Namuunga mkono fundi, ila na mimi niitetee mninga. Huku Dar unyevu ni mwingi na mchwa hawana adabu. MDF ikimwagikiwa maji ukingoni inavimba na hairudi. Mninga ukikauka vizuri hautembei, yaani haujipindi, na mchwa hawaupendi. Ongeza pesa kidogo, hutanunua tena.

Randa na Msasa:
Kaka Pwani Kavu, mninga naujua na ninaupenda, lakini bajeti yake tumeiona. Pale Keko wapo wanaochanganya: fremu ya chuma, juu marine bodi (plaiwudi inayostahimili maji) ya milimita 18, ukingo unazungushwa ubao mwembamba wa mninga. Ukingo ndipo maji yanapoingilia na ndipo mkono unapogusa, kwa hiyo mninga uwe hapo. Cha kuangalia ni ubao usiachwe mtupu kuanzia mguu huu hadi ule. Sentimita 120 bila kitu chini yake, ukiweka skrini na kamusi, itakuja kubonyea katikati. Aweke paipu ya kuvuka kwa nyuma. Chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya ile ya urembo, upepo wa bahari haukisamehi.

Nyumba ya Kupanga:
Hakuna aliyemuuliza mlango wake una upana gani. Mimi nimehama na meza iliyochomelewa kipande kimoja na ikagoma kwenye kona ya ngazi. Mwambie fundi miguu ifungwe kwa bolti na nati, siyo kuchomelea kila kitu. Siku ya kuhama unafungua, unalaza ubao kwenye kirikuu, umemaliza.

Mkono wa Pole:
Nafanya kazi ya fiziotherapia, naomba nipingane kidogo. Kabla hujatoa hata shilingi, jaribu kupandisha kiti kwenye hiyo meza ya chakula mpaka viwiko vilingane na ubao, kisha weka kibao imara chini ya miguu isining'inie. Fanya hivyo wiki nzima. Mabega yakitulia, umejua tatizo ni urefu, na meza yoyote utakayochukua utaichagua kwa kipimo hicho. Pesa itakayobaki iweke kwenye kiti kinachoshika kiuno, maana mgongo unakaa kwenye kiti, si kwenye meza.

Skrini ukingo wake wa juu ulingane na macho au uwe chini kidogo, nayo iwe mbali kiasi cha mkono ulionyooshwa. Na usiitazamishe na dirisha wala usiligeuzie dirisha mgongo. Geuza meza dirisha libaki ubavuni, la sivyo mwanga utakuumiza macho.

Mwana wa Rongai:
Salamu kutoka Nairobi. Kwa hiyo skrini, usikubali meza ya kina cha sentimita 50. Hapa mafundi wa Ngong Road hukuuzia hizo kwa sababu mbao ni kidogo. Ukiweka skrini na kibodi, mikono inakosa pa kulala. Angalau 65, na kama nafasi iko, 75. Ya kioo sahau: kipanya cha kawaida hakisomi vizuri juu ya kioo kitupu, na taa ya dari itakumulika kutoka chini.

Mfasiri wa Tabata:
Asanteni sana, nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Nimepima kwa tepu: kiwiko kimesimama kwenye 64. Kiti kimepanda, miguu nimeiegemeza kwenye kreti la soda, na kweli leo shingo imetulia. Nimeamua kuchongesha ile ya kuchanganya, upana 120, kina 70, miguu ya bolti, bila droo. Nikigeuza ubavu kwa dirisha, ule upana unanibana kwenye mlango au niupunguze?

Nyumba ya Kupanga:
Usipunguze kwa kubahatisha. Tandika gazeti sakafuni la 120 kwa 70 pale meza itakapokaa, weka kiti nyuma yake, fungua mlango. Kiti kiachie sentimita 80 za kurudi nyuma; gazeti likiziba njia ya mlango, ndipo ushuke hadi 110.

Randa na Msasa:
Na urefu mwambie 65, pamoja na ubao, siyo fremu peke yake; hiyo moja juu ya kiwiko ni akiba ya kupunguza. Wengi tunakosea hapo. Nenda karakana na kiti chako kabla hajapiga vanishi, ukae, uweke mikono juu kama unachapa. Ikiwa ndefu atapunguza miguu palepale kwa grainda, dakika chache tu. Ikishakuwa fupi, kuunga miguu ni kazi mpya na bei mpya. Salio mlipe ukishakaa.