Mama anapitia Atlanta: treni isiyo na dereva inaongozwa na nani?

Mtoto wa Kigamboni aliuliza:

Nawasalimu nyote. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, anatarajia kusafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Houston kumwona dada yangu aliyejifungua, na tiketi aliyokatiwa inampitisha Amsterdam kisha Atlanta, ambako atakuwa na saa tatu na nusu za kubadilisha ndege. Dada amemweleza kwa simu kwamba akimaliza ukaguzi pale Atlanta atateremka chini ya ardhi na kupanda treni isiyo na dereva, na tangu siku hiyo hatuzungumzi jambo lingine nyumbani. Mama amezoea pantoni, ambako nahodha anaonekana juu kibandani, na hata mwendokasi hapandi kabla hajamtupia dereva jicho. Sasa ananiuliza, nami sina jibu: chombo kisicho na mtu mbele kikikwama ndani ya shimo, nani atajua kwamba yeye yumo humo?

Naomba mwenye uelewa anifafanulie namna mitambo hii inavyoongozwa, na pia aniambie kama ipo njia nyingine ya kufika kwenye geti lake bila kuipanda. Mama hajui Kiingereza, ila herufi na namba anazisoma vizuri.

Fundi Relwe alijibu:

Mfikishie mama shikamoo yangu, na umwambie kwamba swali lake ni la msingi kuliko anavyodhani, kwa sababu ndilo wahandisi walilolazimika kulijibu kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria hata mmoja.

Treni ya Atlanta, ambayo wenyeji huiita Plane Train, ilianza kazi Septemba 1980 pamoja na majengo ya abiria yaliyojengwa katikati ya njia za kurukia ndege, na wala haikuwa ya kwanza, kwani uwanja wa Tampa kule Florida ulitangulia mwaka 1971. Mama asiifikirie kama treni ya Reli ya Kati. Hii hutembea kwa matairi ya mpira juu ya njia ya zege, na katikati ya njia hiyo imelazwa boriti ya chuma ambayo magurudumu madogo yaliyo chini ya behewa huibana pande zote mbili, hivyo usukani hauna kazi: behewa haliwezi kwenda kulia wala kushoto hata likitaka. Kinachobaki ni kuamua wakati wa kwenda, mwendo gani, na wakati wa kusimama.

Uamuzi huo hufanywa na kompyuta kwa utaratibu ambao mtu wa reli ataufahamu mara moja. Njia imegawanywa katika vipande, na kipande chenye treni hakiruhusiwi kuingiwa na treni nyingine. Ruhusa ya kwenda haitolewi mara moja ikaisha, bali hutolewa mfululizo, na ikikatika kwa sababu yoyote ile breki hujifunga. Hapa ndipo wengi tunapopotoka, kwa kuwa tumezoea gari ambalo breki yake husubiri mguu wa mtu. Breki ya dharura ya vyombo hivi imejengwa kinyume chake: springi huibana muda wote, na nguvu ya mtambo ndiyo inayoiachia, kwa hiyo umeme ukizimika treni inagoma, haikimbii ovyo. Hofu inayostahili ni ya kucheleweshwa.

Kuhusu nani atajua kwamba mama yumo ndani, wapo watu katika chumba cha uongozaji wanaoitazama njia nzima kwenye skrini saa zote, na ndani ya behewa kuna kifaa cha kuzungumza nao. Kwa maana hiyo dereva yupo, ila amekaa kwingine na anazichunga treni zote kwa pamoja.

Mama Zuhura alijibu:

Mwanangu, mimi ninaishi Georgia na uwanja huo nimeupita mara nyingi, basi acha nikueleze kwa hatua za miguu.

Ndege za nje hufikia kwenye kumbi za mageti za E na F. Mama atapita uhamiaji, atachukua begi lake, atapita forodha, kisha atalikabidhi tena begi hilo hapohapo kwa ajili ya ndege ya Houston; wageni wengi hulisahau jambo hili kwa kudhani begi litakwenda lenyewe. Baada ya hapo atakaguliwa upya, ndipo atateremka kwa ngazi za umeme hadi kituo cha treni. Mpangilio wa kumbi ni mstari mmoja, F, E, D, C, B, A, na mwisho T, kwa hiyo akitoka F anarudi nyuma kwenye alfabeti mpaka aikute herufi iliyoandikwa kwenye karatasi yake ya kupandia ndege. Hahitaji Kiingereza. Herufi zimeandikwa kubwa, na kila kituo hutangazwa pamoja na neno la kukitambulisha. Cha kuchekesha ni kwamba D hutambulishwa kwa jina la David, maana Delta, ambalo ndilo neno la kawaida la marubani kwa herufi hiyo, ni jina la shirika lenye ndege nyingi kuliko mengine yote pale, na abiria wake wote wangeshukia kituo kimoja.

Kituoni hataiona njia yenyewe, kwa kuwa kuna ukuta wenye milango inayofunguka pamoja na ile ya treni. Akiingia tu ashike nguzo ya chuma. Treni haimsubiri mtu akae sawa. Huondoka kwa mshtuko, na nimeshuhudia watu wazima wakiwaangukia wenzao na mabegi yao. Mlango ukianza kufunga asiuzuie kwa mkono, kwa sababu nyingine huja baada ya dakika mbili hivi.

Asipotaka kabisa kuipanda, kuna njia ya miguu chini humohumo, yenye sehemu ambazo sakafu inakwenda yenyewe. Ila kutoka F hadi T ni zaidi ya kilomita moja na nusu, na kwa umri wake nisingemshauri. La busara zaidi ni kuliomba shirika la ndege, mapema kabla ya safari, limwandalie kiti cha magurudumu, kwa kuwa msukumaji atampeleka tangu mlango wa ndege hadi geti la pili, treni wakiipanda pamoja.

Mpita Njia alijibu:

Sipingani na Fundi kuhusu breki, lakini tusiwasifu mno. Kuala Lumpur walikuwa na treni ya namna hii tangu 1998. Machi 2023 ilikwama njiani na abiria 114 wakalazimika kutembea kwa miguu juu ya njia yake, kisha huduma ikasimamishwa na watu wakabebwa kwa mabasi hadi Julai 2025. Zaidi ya miaka miwili! Birmingham nchini Uingereza walifungua mwaka 1984 treni ya kuelea kwa sumaku kati ya uwanja wa ndege na stesheni ya reli, ya kwanza ya biashara duniani, na mwaka 1995 wakaifunga kwa sababu vipuri vyake havikupatikana tena, nayo nafasi yake ikachukuliwa na basi. Basi lina dereva, na likiharibika linaletwa jingine. Kwa nini wasianze na basi?

Fundi Relwe alijibu:

Mifano yako ni ya kweli, na ningeongeza Denver, ambako tangu 1995 treni ndiyo njia pekee ya abiria kufika kumbi za B na C, kwa kuwa daraja la miguu linaishia A. Hapo ndipo nami ninapomlaumu mchoraji: mtambo wowote utakwama siku moja, na uwanja usioweka njia ya miguu pembeni umejifunga wenyewe. Atlanta waliiweka.

Kuhusu basi, tazama lingepita wapi. Kati ya ukumbi mmoja na mwingine kuna takribani mita 300, na eneo lote hilo ni la ndege kugeuka na kusukumwa kinyumenyume, hivyo kila basi lingekuwa linaziomba ndege njia. Kwa uwanja ambao sehemu kubwa ya abiria wake wanabadilisha ndege tu, kama Atlanta, hesabu hiyo haitoki. Jengo Namba 1 la Charles de Gaulle jijini Paris, lililochorwa na Paul Andreu, yuleyule aliyechora Jengo la Pili la uwanja wetu wa Dar es Salaam, lilifunguliwa mwaka 1974, lakini treni ya kuliunganisha na majengo mengine ilianza 2007, baada ya mtambo wa awali kushindwa kazi na kuachwa. Miaka yote hiyo abiria walibebwa kwa mabasi, ila mabasi yale yalikuwa na barabara zake nje ya eneo la ndege. Kwetu, kati ya Jengo la Pili na la Tatu, gari linatosha, wala sioni sababu ya kuiga.

Mtoto wa Kigamboni alijibu:

Nawashukuru sana. Nimemsomea mama majibu yote, na sehemu ya breki ameniomba niirudie mara mbili, kisha akasema kwamba chombo kinachogoma kikikosa ruhusa kina adabu kuliko bodaboda. Kiti cha magurudumu amekikataa kwa kuhofia kuonekana mgonjwa, lakini nimekiomba hata hivyo. Sasa ameanza kuiulizia ile njia ya miguu: je, kuna chochote cha kutazama huko chini?

Mama Zuhura alijibu:

Kipo, mwanangu. Kati ya T na A kuna sanamu za mawe zilizochongwa na Wazimbabwe, zimepangwa kando ya njia, na watu wengi huzipita mbio bila kuzitazama. Geti lake likiwa kwenye moja ya kumbi hizo mbili, amwambie msukumaji wake wapite kwa miguu kipande hicho, kwa maana saa tatu na nusu zinaweza kutosha. Likiwa kwenye D au C, sanamu azisubirishe hadi safari ya kurudi.