Naomba ushauri: kipindi cha Shakira nikianzie wapi?

Wakuu habari zenu. Naandaa kipindi cha redio, nusu saa tu, kuhusu Shakira alivyohamia kwenye Kiingereza, na nimekwama kwenye mpangilio. Wengi huku wanamjua kuanzia albamu ya Laundry Service ya 2001, ile yenye "Whenever, Wherever", wakati kwao Kolombia alishakuwa nyota tangu Pies Descalzos ya 1995. Mwimbaji Gloria Estefan ndiye aliyemhimiza ajaribu Kiingereza, naye Shakira akakomaa kujifunza ili aandike mashairi mwenyewe (hapo namheshimu sana). Mwaka 2005 akatoa albamu mbili, ya Kihispania ikitangulia.

Sasa nianze na nyimbo za Kihispania ambazo msikilizaji hazijui, au nimvute kwanza kwa anayoijua? Na wanaoelewa Kihispania, zipi za zamani nisiziache?