Tupeane uzoefu: kutoka Dodoma kwenda fainali, na kurudi kombe likiwa limekwenda

Mnada_Msalato
Mbukwenyi wakuu. Uzi huu ni wa sisi wa katikati ya nchi tunaofunga safari kuifuata fainali Pwani. Kombe la klabu za Afrika limetuponyoka mara tatu huku wenyewe tukitazama: Simba 1993, Yanga 2023, Simba tena 2025. Mabao yake kila mtu anayo kichwani. Naomba tuandike yale ambayo hayamo kwenye matokeo: nauli, geti, kiti, kurudi. Stori ya nafsi yako iache, leta hesabu, ili anayekwenda mara ya kwanza asipoteze hela juu ya kupoteza kombe.

Kibaigwa Mpaka Gairo
Naanza na usafiri. Tiketi ya kurudi ikatwe kabla ya ya kwenda. Wengi hufanya kinyume kwa sababu mawazo yote yapo kwenye kuwahi mechi. SGR ilipoanza safari za Dodoma 2024, nauli iliyotangazwa kutoka Dar ilikuwa 31,000 kwa treni ya kawaida na 40,000 kwa ya haraka. Hakikisha ya sasa kabla hujapanga bajeti. Kitambulisho ni lazima, na mizigo inakaguliwa kama uwanja wa ndege, kwa hiyo fika stesheni masaa mawili kabla.

Hesabu ya kurudi ni hii. Mechi ikianza saa 10 jioni, filimbi ya mwisho inalia karibu na saa 12. Kushuka jukwaani na kutoka nje ya uzio wa Uwanja wa Mkapa ni nusu saa au zaidi. Stesheni ya SGR si mbali na Temeke, lakini barabara siku hiyo haisogei. Acha masaa matatu kamili kati ya filimbi na muda wa treni. Ikishindikana, lala Dar upande treni ya asubuhi. Gesti ya kawaida ni nafuu kuliko tiketi iliyoungua.

Dada wa Nkuhungu
Na wa basi, kaka? Si kila mtu anapata treni, wiki ya fainali viti vinaisha mapema.

Kibaigwa Mpaka Gairo
Kweli dada. Stendi ya Nanenane mpaka stendi ya Mbezi Luis, Dar, hesabu masaa 8. Malori ya Chalinze yanaweza kukuongezea mengine. Tena Mbezi siyo Temeke: bado kuna Ubungo, halafu Barabara ya Mandela yote, Buguruni, Tazara, mpaka uwanjani. Anayetoka Dodoma alfajiri siku ya mechi anafika watu wameshajaa. Ondoka jana yake. Kwa kurudi, mabasi ya usiku yapo tangu yaruhusiwe tena 2023, ila kata kiti ukiwa huku, usitegemee wapiga debe.

Coaster ya kukodi ya tawi nayo ina jambo lake. Andikeni kabla: nani analipa dereva akilala, gari linaegeshwa wapi, linaondoka saa ngapi hata kama mtu mmoja hajarudi. Timu ikifungwa watu hutawanyika, na kumsubiri mmoja kunawachelewesha 28. Na dereva aliyeendesha usiku kucha kwenda asiendeshe usiku kucha kurudi. Hapo msikubaliane naye hata akiapa yuko fiti.

Shangazi Majengo
Mimi nasema la geti, na naomba lisomwe polepole. Tarehe 28 Mei 2023, kabla Yanga haijaingia kucheza na USM Alger ya Algeria, mtu 1 alifariki na 30 waliumia kwenye msongamano wa kuingia Mkapa. Alikwenda kutazama mpira.

Msongamano unaua kwa sababu wa nyuma hawaoni wa mbele. Wa nyuma anasikia kelele za ndani, anadhani mechi imeanza, anasukuma kidogo tu. Kidogo chake kikijumlishwa na cha watu mia, wa mbele anabanwa kifua. Anakosa pumzi akiwa amesimama, hata bila kukanyagwa.

Kwa mechi ya saa 10, uwe umeshaingia saa 7 mchana. Kadi ya N-Card iwe na tiketi tangu jana yake, maana watu 60,000 wakikusanyika mtandao wa simu unazidiwa. Kila mtu ashike kadi yake mkononi kabla ya kufika kwenye mashine. Anayeanza kupekua mkoba pale mlangoni anasimamisha mstari mzima.

Ukiona mabega ya watu yanakugusa pande zote na huwezi tena kugeuka, hiyo ndiyo dalili ya kutoka, usingoje nyingine. Ukishabanwa, kunja mikono mbele ya kifua kama bondia ili mbavu zipate nafasi. Usipingane na wimbi. Likikupeleka mbele nenda nalo, likitulia sogea kimshazari kuelekea pembeni. Kaa mbali na ukuta na vyuma vya uzio. Simu au kiatu kikianguka, kiache. Mtoto chini ya miaka 10 fainali aitazame kwenye runinga, na hapo sibishani na mtu.

Mzee wa Jamhuri
Ahsante shangazi. Niongeze la maji. Sisi tumezoea jua kavu la Dodoma, jasho linakauka kabla hujaliona. Dar jasho linabaki mwilini na unaishiwa nguvu bila kujua. Kunywa kabla ya kuingia, maana chupa huzuiwa getini. Ukichagua kiti, kumbuka jukwaa linalotazama magharibi linapigwa jua usoni kipindi chote cha kwanza.

Jingine ni kujua unatazama nusu gani ya fainali. Ile ya 2023 ilikuwa ya kwanza kati ya mbili. Mayele wa Yanga alisawazisha dakika ya 82, uwanja ukalipuka, na dakika ya 84 Merili wa USM Alger akafunga la pili. Watu walikuwa bado wamekumbatiana, migongo kwa uwanja. Yanga wakaenda Algiers tarehe 3 Juni wakashinda 1-0, jumla 2-2, kombe likabaki kwa waliofunga mawili ugenini. Kwa hiyo kwenye mechi ya kwanza nyumbani, kila bao la mgeni lihesabu kwa uzito huo. Na sare ya ugenini isikulevye: 1993 Simba walitoka 0-0 Abidjan na Stella ya Ivory Coast, wakaja kufungwa 2-0 nyumbani, Uwanja wa Taifa, Dar.

Kona ya Area C
VAR, yaani marudio ya video anayotumia mwamuzi, nayo ina adabu yake jukwaani. Aliyeko uwanjani hujua mwisho, wa nyumbani ameshaona marudio. Mpira ukiingia, mtazame mwamuzi kabla ya kumtazama jirani. Kidole kikienda sikioni, kaa chini. Bao la Mukwala wa Simba dhidi ya Berkane ya Morocco, Mei 25, 2025, lilikwenda hivyo hivyo. Mutale alikuwa ameshafunga dakika ya 17 na lilihitajika jingine kusawazisha yale 2-0 ya mechi ya kwanza kule Morocco. Simba wakiwa pungufu baada ya kadi nyekundu ya Kagoma, bao likakataliwa, na Sidibé wa Berkane akasawazisha dakika za nyongeza.

Dada wa Nkuhungu
Hiyo ya Berkane ndiyo iliyohamia Zanzibar. Waliokwisha kupanga Dar walifanyaje?

Kona ya Area C
Ndiyo, kwa sababu eneo la kuchezea la Mkapa halikuwa tayari baada ya mvua. Uwanja wa New Amaan wa Zanzibar unachukua watu kama 15,000, robo ya Mkapa, maana yake tiketi ni chache. Ikitokea tena, usipande basi kabla tiketi ya uwanjani haijaingia kwenye kadi. Boti ya mwendokasi Dar mpaka Unguja ni kama masaa mawili, na kitambulisho kinahitajika. Mara nyingi boti za kurudi huwa zimeshaondoka mechi ya saa 10 ikiisha, kwa hiyo bajeti iwe na usiku mmoja Unguja na mwingine Dar. Chumba kiwekwe nafasi kabla hujavuka.

Mnada_Msalato
Na kwa wanaobaki huku wakatazame bandani: mwenye banda anunue umeme wa Luku mchana, ajaze genereta na alijaribu likiwa na mzigo wa runinga zote, siyo tupu. Redio ya jirani izimwe, kwa sababu matangazo yake hutangulia picha ya kisimbuzi kwa sekunde kadhaa, na watu husikia bao kabla hawajaliona.

Aliye na ratiba mpya ya treni za jioni kutoka Dar aiweke hapa chini.