Kozi ya mazingira: mihadhara ya jumla, maabara, au sera na uchumi?

Chozi la Mvua
Wakuu, naombeni ushauri. Muhula ujao natakiwa kuchukua kozi moja nje ya fani yangu (nasoma uhasibu), na nimeamua iwe ya mazingira. Zipo tatu. Ya kwanza ni Masuala ya Mazingira: mihadhara mitupu, ukumbi mkubwa, vitivo vyote pamoja, mtihani mwishoni. Ya pili ni sayansi ya mazingira, yenye maabara kila wiki. Ya tatu ni sera na uchumi wa mazingira, semina ya watu wachache na insha nyingi. Jambo hili linanigusa, sitafuti kozi ya kujazia nafasi. Kemia niliiacha sekondari. Mliopita huko, mnasemaje?

Mtepe
Chukua ya mihadhara, ila kwanza tafuta silabasi uone mada zimepangwaje. Wapo wahadhiri wanaokwenda kwa orodha: wiki hii misitu, wiki ijayo taka, inayofuata hewa. Unatoka na notisi nene, lakini ukiulizwa kwa nini jambo fulani hutokea, huna jibu. Wapo wengine wanaolishika tatizo moja hadi mwisho wake, na hao ndio wa kuwatafuta.

Mimi nilifundishwa ozoni hivyo, ile gesi ya angani inayotukinga na mionzi mikali ya jua. Tulianzia 1974, wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walipoeleza kwamba gesi za CFC, zile za mafriji na makopo ya kupulizia, hazivunjiki huku chini. Zinapanda hadi stratosfia, tabaka la juu la angahewa, mionzi ya jua inazipasua, na atomi moja ya klorini inayotoka humo inaharibu maelfu ya molekuli za ozoni. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika inapungua vibaya kila majira ya machipuko ya huko. Miaka miwili baadaye, Mkataba wa Montreal wa kudhibiti gesi hizo ukapitishwa.

Wengi tulifunga madaftari hapo. Mhadhiri akauliza: gesi mbadala za HFC haziharibu ozoni, je, kazi imekwisha? Haikuwa imekwisha, maana HFC ni gesijoto kali, yaani inaongeza joto duniani. Ndiyo sababu mkataba huo ukafanyiwa marekebisho ya Kigali mwaka 2016, ili HFC nazo zipunguzwe. Kemia, viwanda na sheria, vyote ndani ya kisa kimoja, na mtu wa uhasibu anakifuata vizuri tu.

Jani Bichi
Mtepe, nakubaliana nawe kuhusu silabasi, lakini mhadhara haukufundishi kupima. Chozi, nenda maabara. Chukua mfano wa kipimo cha BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria wanahitaji kuozesha uchafu majini. Unajaza chupa mbili maji ya mto. Moja unapima oksijeni papo hapo. Nyingine unaifunga isiingie hewa, unaiweka gizani kwenye nyuzijoto 20 kwa siku tano, kisha unapima. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo oksijeni iliyotumiwa na bakteria kuozesha uchafu. Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa machoni, na siku ya tano ukakuta oksijeni karibu yote imekwisha. Samaki wangeishi vipi humo?

Kemia isikutishe. Unadondosha dawa tone kwa tone hadi rangi ya buluu ipotee, unasoma ujazo, unapiga hesabu. Ukishafanya kazi hiyo kwa mikono yako, ripoti inayosema "maji taka yako ndani ya kiwango" huisomi tena kijuujuu. Unauliza sampuli ilichotwa wapi, saa ngapi, na nani.

Kitabu cha Hesabu
Mimi pia ni mhasibu, na nasema semina. Swali kubwa la mazingira ni nani analipa. Tazama Minamata, Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki kwenye ghuba, ikaingia kwa samaki, ikazidi kujilimbikiza kadiri ulivyopanda mnyororo wa chakula. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Serikali ikatamka chanzo chake mwaka 1968. Katika miaka hiyo yote gharama ilibebwa na wavuvi na watoto waliozaliwa wakiwa tayari wameathirika. Mhasibu asiyejua gharama ya namna hiyo inapojificha hajaimaliza kazi yake.

Halafu kuna mjadala wa mali ya pamoja. Mwanaekolojia Garrett Hardin aliandika mwaka 1968 kwamba malisho ya wote huishia kuharibiwa, kwa kuwa kila mtu anaongeza mifugo yake. Mtafiti Elinor Ostrom akachunguza jamii halisi, kuanzia malisho ya milimani Uswisi hadi mifereji ya umwagiliaji Hispania, akakuta watu wanaojiwekea kanuni, wanaolindana na kuadhibiana, na mali inadumu. Alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2009. Mjadala huo unahitaji watu kumi na wawili mezani wanaobishana. Ukumbini hauwezekani.

Upepo wa Kusi
Nakazia kwa Kitabu cha Hesabu. Ila insha ni nyingi kweli, jipange.

Chozi la Mvua
Asanteni sana. Mtepe, nimeipata silabasi. Wiki nne za mwanzo ni hewa ukaa (kaboni dioksidi) peke yake, kuanzia vipimo vya mwanasayansi Charles Keeling kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958. Hilo ni zuri au baya?

Mtepe
Ni zuri mno. Grafu ya vipimo hivyo ina meno ya msumeno: inashuka mimea ya kaskazini mwa dunia inapostawi, inapanda inapopukutisha majani. Na chini ya meno hayo mstari mzima umepanda, kutoka takriban sehemu 315 za hewa ukaa kwa kila milioni ya hewa hadi zaidi ya 420 sasa. Mhadhiri anayeanzia hapo anataka muelewe.

Chozi la Mvua
Basi najiandikisha ya mihadhara. Jani Bichi, wanaruhusu mtu kuhudhuria maabara bila kusajiliwa?

Jani Bichi
Inategemea nafasi na vifaa. Mwandikie msimamizi wa maabara kabla muhula haujaanza, umwambie unataka kipindi cha maji.